Koti la Kirimi Kando ya Bwawa

Jumatatu, 4 Julai 2011

Amerudi, huyo shetani wa miguu mirefu! Nimetoka jikoni na sufuria mkononi nikamkuta amesimama ndani ya bwawa letu, kimya. Korongo. Wa kijivu, shingo ameikunja katikati ya mabega kama mzee wa kanisa anayesikiliza mahubiri. Nikapiga kelele. Nikarusha kuni. Akanitazama tu! Akainama, akachukua tilapia mbele ya macho yangu, akammeza mzima — nikamwona samaki akishuka kooni — ndiyo akaruka. Bila haraka, kama mtu aliyemaliza chai.

Kwa Kirimi, mume wangu, hakuwa anathubutu. Kirimi akitokea kule kwenye mfereji, hata kabla hajafungua mdomo, ndege huyo anapaa. Mimi hanihesabu kama mtu.

Leo nimeanza kuandika haya maana hapa nyumbani sina wa kuongea naye. Mama mkwe hasomi Kiswahili, kwa hivyo niko salama. Na Kiswahili ndicho mimi na Kirimi tulikutana nacho, yeye na Kimeru chake, mimi na Kimbeere changu cha Siakago. Basi naandika kama namwambia.

Mambo yalivyo: Aprili mume wangu alitoka hapa Kanyakine na pikipiki kumpelekea baba yangu vifaranga wa samaki. Mvua kubwa. Pikipiki ikapatikana upande wa huku wa mto Thuci, imesimamishwa vizuri kwa stendi, helmeti imening'inia, na mfuko wa vifaranga bado umefungwa kwenye kiti. Samaki wazima, wanaogelea! Yeye hakupatikana. Wanasema alisombwa akijaribu kina cha maji kwa miguu. Nani alimwona akisombwa? Hakuna.

Asubuhi ile aliniambia: Agosti tutavua, na mtu asiguse bwawa kabla sijakuja mimi mwenyewe. Sawa. Atawakuta samaki wake. Hilo tu ndilo naweza kumfanyia, na sitashindwa na ndege.


Jumatano, 6 Julai

Naftaly, afisa wa samaki, amepita. Ameona nyayo za korongo kwenye matope akatikisa kichwa. Ati nisipofunika bwawa huyo ndege atamaliza kila kitu. Nyavu sina. Basi nivute kamba juu ya maji, nifunge kanda za kaseti kuukuu, upepo ukipiga zinalia, ndege wanaogopa.

Nikamwonyesha shida nyingine. Nikamwaga pumba na omena. Hakuna aliyekuja juu. Pumba imeelea mpaka ikalowa ikazama. Kirimi alikuwa akisimama tu pale mferejini na ndoo, maji yanachemka kwa midomo! Kwangu — kimya. Naftaly amesema ni baridi ya Julai. Halafu akaongeza kwamba samaki humzoea mtu. Afadhali angenyamaza.


Jumamosi, 9 Julai

Nimefunga kanda. Nilitumia kaseti za kwaya ya vijana, ile Kirimi aliimba bezi kabla hatujaoana. Redio ya kuzichezea ilikufa kitambo, sikuona hasara.

Ukungu umeshuka mchana wote na upepo kidogo. Kanda zinanguruma. Si mlio wa kutisha ndege, ni sauti ya chini, ndefu, kama mtu anayetafuta noti kabla ya wimbo kuanza. Mama mkwe ametoka na fimbo yake, akasimama mlangoni kwake, kichwa ameinamisha upande mmoja. Akauliza kwa Kimeru, kwa upole kabisa: amerudi saa ngapi?

Nikamwambia ni kanda, Mama. Akasema ndiyo, lakini nani anaimba?

Nikaingia jikoni nikajifanya natafuta chumvi. 


Jumapili, 10 Julai

Baada ya kanisa shemeji Mwirigi alinifuata mpaka getini pale kanisani. Ndugu mkubwa wa Kirimi, kwa hivyo lazima nisimame nimsikilize. Anasema nyumba haiwezi kukaa hivi, mtu hayuko kwa walio hai wala kwa waliozikwa. Mama anazeeka vibaya. Kuna watu, anasema, wakikosa mwili huzika mgomba. Unakatwa urefu wa mtu, unavishwa nguo yake, unawekwa kwenye sanduku, mambo yanakwisha.

Nikamwambia shemeji, kwa heshima, mume wangu si ndizi.

Hakukasirika. Hilo ndilo limeniuma. Alinihurumia! Akasema wewe bado kijana, hamkujaliwa mtoto, tukishamzika utakuwa huru kurudi kwenu. Huru! Nimetembea mpaka nyumbani nikiwa na hasira mpaka viatu vikaniuma. Sitaki uhuru wake. Nataka mtu wangu.

Korongo ameruka juu ya kamba zote na kutua katikati kama anashuka kitandani.


Jumatano, 13 Julai

Baridi ya kukata masikio. Sweta yangu ilikuwa kwenye kamba, imelowa, nikachukua koti la Kirimi lililo nyuma ya mlango — lile la kijivu la kulishia samaki, lina harufu ya omena na ya yeye. Sikuwa nimeligusa tangu Aprili. Nimevaa, nimeenda upande wa jikoni, pale maji hayana kina. Sijamwaga chakula bado.

Wakaja. Wote! Maji yalivimba kwanza, halafu migongo, halafu midomo, wamebanana mbele yangu wanafungua na kufunga. Wananitazama, naapa. Nikainua mkono, wakafuata kivuli cha mkono. Nikasogea, wakasogea.

Nimelia mpaka kamasi. Nimewalisha, nimewaambia ni mimi tu, Wambura, ni koti tu hili. Wameendelea kungoja hata chakula kilipokwisha.


Ijumaa, 15 Julai

Wanakula! Wanaridhika! Na korongo leo amekaa juu ya mkaratusi wa jirani siku nzima, hashuki. Ameliona koti. Haya basi, mjinga wewe, kumbe unaogopa nguo!


Jumatatu, 18 Julai

Nina akili mimi. Siwezi kukaa kando ya bwawa kutwa, cherehani yangu iko sokoni na nguo za watu zinanidai. Lakini koti linaweza kukaa.

Nilijaribu kwanza na fito, upepo ukaziangusha. Halafu nikaona mgomba niliokata juzi baada ya kutoa mkungu. Mnene, mzito, unasimama wenyewe ukiuzamisha kwenye matope. Nikaupachika kijiti cha mabega, nikauvisha koti, nikafunga vifungo mpaka shingoni, nikauvika juu ile kofia yake ya soksi. Nimeuweka upande wa jikoni, mgongo kwa nyumba, uso kwa maji — ingawa uso hauna.

Nilirudi nyuma kutazama. Mabega yake kabisa. Hata lile bega la kushoto lililolegea kidogo. Niliridhika, ndiyo. Niliridhika sana, nikaenda sokoni nikashona huku nikiimba.


Jumanne, 19 Julai

Nimekuta Mama kando ya bwawa na kikombe cha chai. Amekinyoosha kwa mgomba. Mvuke unatoka. Amesimama hivyo, mkono haumtetemeki, ule mkono ambao hutetemeka hata akishika kijiko. Nikamshika bega. Mama, hiyo ni sanamu ya kufukuza ndege.

Akageuka. Macho yake yalikuwa mazima kabisa, si ya mtu aliyepotewa na akili. Akasema: najua ni mgomba. Nimezaliwa kwenye migomba. Wewe umejua ulichofanya? Ndugu yake alikuwa anatafuta mwili. Wewe umemtengenezea.

Ngai wangu! Mgomba, urefu wa mtu, nguo yake, vifungo mpaka shingoni. Nilimkasirikia Mwirigi kwa maneno, halafu mimi nikayafanya kwa mikono yangu. Na sikuona! Kwetu Siakago hatuna hiyo desturi, migomba yenyewe ni ya kutafuta. Mume wangu si ndizi, nilisema. Mdomo wangu huu.

Nilitaka kuung'oa pale pale. Mama akasema usithubutu. Ukimvua nguo sasa, itakuwa umemvua yeye. Akaondoka na chai yake, kikombe bado kimejaa.


Alhamisi, 21 Julai

Nimegundua kitu kibaya. Samaki hawaondoki mbele ya koti.

Asubuhi wapo. Mchana wapo. Wamebanana kwenye maji mafupi, wanamtazama, midomo inafunguka na kufunga. Hawashuki kula matope, hawazunguki. Wanangoja ndoo ambayo haiji. Na korongo ameshajua. Leo nilimkuta amesimama sako kwa bako na mgomba — kijivu na kijivu, bega kwa bega, nikadhani ni watu wawili wanaongea.  Mmoja akageuza kichwa.

Hata kutafuta hatafuti tena. Anainama anaokota, kama mtu anayechuma mboga shambani kwake. Mimi ndiye niliyempangia samaki kwenye sinia.

Nimemfukuza. Amekwenda upande wa pili, amengoja niingie ndani, amerudi.


Jumapili, 24 Julai

Amerefuka.

Sijichanganyi. Jumatatu kola ilifika mwisho wa mgomba, kofia ikakaa juu ya kola. Leo kuna shingo. Nyeupe, laini, imetoka nje ya kola na kuinua kofia. Najua! Mgomba ukikatwa moyo wake huendelea kusukuma kwa siku kadhaa, mtoto yeyote wa huku Imenti anajua, na mimi nimeshaishi hapa vya kutosha. Najua. Lakini nilikuwa nimetoka kusali, nikaingia uwanjani, na ameinua kichwa.

Kanda zilikuwa zinanguruma. Mama ameketi kwenye kigoda chake, uso upande wa bwawa, anafuata noti kwa mdomo uliofungwa. Sikula chakula cha mchana.


Jumanne, 26 Julai

Mwirigi amekuja kumsalimia Mama na ameona. Alisimama muda mrefu mikono mfukoni. Nilitarajia kelele. Akavua kofia! Kwa mgomba!

Halafu akaniuliza polepole kama nilikuwa nimekubali lakini nikaona haya kusema. Nikamweleza habari ya korongo, ya samaki, ya cherehani. Hakuniamini hata nukta. Akasema watu wa kwenu Mbeere mnajulikana, mna mambo yenu ya uganga, usinichezee na ndugu yangu. Nikamwambia shemeji, kama ningekuwa na hayo mambo, unadhani ningeyatumia kwa ndege? Ningemrudisha mtu!

Ameketi na wazee wa ukoo chini ya paa la jiko langu, nimewapikia chai mwenyewe. Wamekubaliana. Mwili upo, umetengenezwa na mke, hakuna haja ya kutengeneza mwingine. Mazishi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Pasta amesema hataongoza ibada ya mgomba, lakini atakuja kuomba na familia. Baba yangu Munyi amepigiwa simu. Alilia kwenye simu, akasema vifaranga hakuwahi kuviomba, Kirimi mwenyewe ndiye alitaka kumfurahisha.

Mimi sikuulizwa. Mama aliulizwa. Akasema: zikeni mnachokiona.


Ijumaa, 29 Julai

Naftaly amepita tena. Ameingiza wavu wa kupimia mahali pengi. Waliobaki ni wachache, amesema, tuvue sasa kabla ndege hajamaliza. Nikamwambia hapana. Agosti, na mwenyewe awepo. Akanitazama kwa huruma ile ile ya Mwirigi, nikamchukia kidogo. Ni mtu mzuri. Aliniambia pole madam, akaondoka.

Nimejaribu kuuvuta mgomba mchana huu Mama akiwa amelala. Haung'oki! Nilikumbatia kiuno chake, shavu langu kwenye koti, nikavuta mpaka mgongo ukalia. Maji ya mgomba yakanichuruzikia mikononi, baridi. Na bado koti lina harufu yake, jamani. Kwa hivyo nikaacha kuvuta. Nikabaki tu nimemshika. Samaki mbele yetu wakifungua na kufunga midomo.


Alhamisi, 4 Agosti

Wamechimba kaburi, ng'ambo ya mfereji, pale Kirimi alikuwa akisimama na ndoo. Niliwaambia si hapo, popote lakini si hapo. Mwirigi akasema ndipo udongo ulipo laini.

Mchana maji yameanza kuingia kaburini. Mwirigi anasema ni bwawa linavuja, jambo la kawaida. Wameyachota kwa ndoo, yakarudi. Wameyachota tena. Mama alikuwa ameketi akiwatazama. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei: mtu aliyekwenda na maji, wewe ungemtafuta kwa jembe?

Naogopa. Naandika wazi maana hakuna wa kumwambia. Naogopa kwamba amekufa, na naogopa kwamba hajafa na sisi tunamfungia mlango. Nikitupa udongo Jumamosi nitakuwa nimesema ndiyo. Mke ndiye wa kwanza baada ya mama. Mkono wangu utasema ndiyo mbele ya watu wote.


Jumamosi, 6 Agosti

Nimejifungia chumbani, dirisha la upande wa bwawa. Wanaimba nje. Naandika haraka.

Ukungu haujainuka leo kabisa. Watu ni wengi kuliko nilivyofikiri, baba yangu amekuja na suti yake ya harusi yangu. Walikwenda kumtoa bwawani vijana wa ukoo, wakamzunguka, wakavuta — akatoka mara moja, kirahisi, kama jino la mtoto. Mimi nilivuta nikashindwa! Wamemlaza kwenye sanduku na koti lake na kofia. Shingo ilikuwa ndefu, wakaikata kidogo kwa panga ili kifuniko kifunge. Niliusikia ule mlio. Nikakimbia ndani.

Kwaya ya vijana inaimba. Wengine wazee sasa, wana vitambi. Bezi haipo. Lakini upepo umeanza, kanda zinanguruma chini yao, na nyimbo zinakaa sawa. Zinakaa sawa kabisa. Naona wawili wametazamana.

Mwirigi amegonga mlango. Kwa upole. Shemeji, Mama ameshafika kaburini, toka uje utupe udongo, watu wanangoja. Naendelea kuandika.

Korongo yuko. Amesimama pale mgomba ulipokuwa, kwenye shimo lake, kama amerithi nafasi. Hana wasiwasi na watu wote hawa. Amezoea. Samaki nao bado wamebanana mbele yake, wajinga wangu, mbele ya mahali patupu. Sasa atawamaliza kabla sala haijaisha. Nilikuahidi, Kirimi, na nimeshindwa hata na

Ameruka!

Ameruka ghafla, hajachukua kitu, amepiga kelele, amegonga kamba kwa bawa. Hakuna aliyemfukuza. Watu wako ng'ambo ya mfereji na migongo wamegeuza. Hajawahi kuruka hivyo kwangu. Hivyo huruka kwa mtu mmoja tu.

Samaki wameondoka upande wa jikoni. Naona mstari kwenye maji, unakwenda haraka, unakwenda upande wa mfereji. Maji yamevimba pale. Migongo. Midomo. Wote, hapo hapo, kwenye ukingo, wanafungua na kufunga. Hakuna koti hapo. Koti liko kwenye sanduku, nimeona kifuniko kikipigiliwa. Sijamwaga chakula leo, hakuna aliyemwaga!

Ukungu ni mzito hapo ukingoni. Sioni mtu. Naona ukungu tu. Sijui kama aliye humo ni wa kunifurahisha au wa kuniua.

Mwirigi anagonga tena, sasa kwa nguvu. Ati udongo wa mke unangojwa, kuna nini humo ndani.

Mama ameondoka kaburini. Fimbo ameiacha. Anatembea peke yake kando ya maji, ana kikombe cha chai mkononi, sijui amekitoa wapi, mvuke unatoka. Hakuna anayemwona, wote wameinamisha vichwa kwa sala. Amefika mahali samaki walipo. Amesimama. Anasema kitu, mdomo unacheza, anatabasamu. Amenyoosha kikombe ndani ya ukungu, mkono haumtetemeki.

Sitoki kutupa udongo. Wagonge mpaka mlango uvunjike.

Mama ameshusha mkono. Uko mtupu. Sikusikia kikombe kikianguka.